Bi. Courtenay wa Kilifi

Usiku wa Ijumaa. Nimekunywa chai mara mbili na neno la Jumanne bado limenikwama kooni. Harusi ya kitinda mimba wetu imepita Jumatano salama salimini, magoti yananiuma kwa chakacha, na ofisi imeniongezea mkataba wa mwaka mmoja, alhamdulillahi. Hayo ndiyo niliyokusudia kuwaandikia. Lakini kila nikiweka kichwa kwenye mto, ninayemsikia ni Bwana Pensheni.

Mnamkumbuka. Ndiye yule Mwingereza mstaafu aliyekwenda kwa muuza samaki akasema "nataka changu", akajibiwa "chako kipi mzee, kwani ulikiacha hapa?" Yumo kwenye darasa langu la Jumanne na Alhamisi, watu wazima wanne: yeye, Sista Mjerumani, Mtaliano wa boti anayeshuka kutoka Malindi, na binti Mkorea wa mradi wa visima.

Jumanne tulikuwa kwenye kauli ya kutendwa. Nikakosea kuanza na mambo ya jikoni: pika, pikwa, kaanga, kaangwa, kuna, kunwa. Kisha nikataka kila mmoja asimulie Jumapili yake. Bwana Pensheni akasimama, maana yeye husimama akijibu, ndivyo alivyosomeshwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika:

"Jumapili mke wangu alipikwa kwa nazi."

Mtaliano akapiga meza. Sista akajifunika uso kwa daftari. Binti Mkorea akatafuta kwanza kwenye kamusi ya simu, akaona, akacheka peke yake wenzake walipokwisha kunyamaza.

Mimi sikucheka. Nilivua miwani, nikasema: "Bwana, mkeo hakupikwa. Mkeo alipika. Tena."

Ile "tena" ndiyo iliyoniponza. Nimeijaribu mbele ya kioo tangu juzi, kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu, kwa tabasamu. Haina namna ya kuisema ikawa tamu. Akarudia vizuri, akakaa, akamwinamia Mtaliano na kumnong'oneza kwa Kiingereza kwamba leo tumepata Miss Courtenay wetu.

Mtaliano hakuelewa. Mimi nilielewa.

Nilimjibu, naam, na jibu lenyewe nitaliandika, lakini si sasa hivi.

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi: Mind Your Language kilikuwa kipindi cha vichekesho cha ITV ya Uingereza, 1977 hadi 1979, kilichobuniwa na Vince Powell. Darasa la jioni jijini London, watu wazima kutoka kila pembe ya dunia wanajifunza Kiingereza. Mwalimu wao ni Bwana Jeremy Brown, kijana mpole asiyejua kukasirika sawasawa, aliyechezwa na Barry Evans. Na juu yake yuko mkuu wa shule, Bi. Courtenay, mama wa Kiingereza aliyenyooka kama ufito. Alitaka mwalimu mwanamke, wanaume hakuwaamini. Alimpa Bwana Brown mwezi mmoja wa majaribio, akamwarifu kwamba wanafunzi wale walikwisha kumtia wazimu mwalimu aliyemtangulia. Akawa anaingia darasani ghafla, anarusha maswali ya kuwapima, anapata majibu ya kuvunja mbavu, anaondoka pua juu.

Sasa nambieni. Miaka 19 nafundisha wageni Kiswahili, na miaka yote 19 nilijihesabu Bwana Brown. Nilipofanya usaili wa kazi hii niliulizwa kwa nini nataka kufundisha watu wazima. Nikajibu mambo ya utamaduni na maelewano, wakaandika. Moyoni nilikuwa namwona Bwana Brown kasimama ubaoni, mwanafunzi wake Juan hajaambulia hata neno, na yeye anaanza upya kama vile ndiyo mara ya kwanza. Kumbe kwa aliyeketi upande wa pili wa meza mimi ni yule mwingine.

Na kule kunong'ona! Alidhani ni siri yake na Ulaya yake. Hakujua kwamba VoK, televisheni yetu ya taifa Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, ilituletea darasa lile mpaka Majengo, sebuleni kwa Mzee wa Cherehani: televisheni isiyo na rangi, watoto kwenye jamvi, watu wazima nyuma kwenye viti, na mimi juu ya paa nikizungusha antena kwa kuwa ndiye niliyekuwa mwepesi. "Hapo hapo! Usiiguse!" Nimekosa vichekesho vingi vya Ali Nadim, yule mwanafunzi Mpakistani, kwa sababu nilikuwa juu ya bati. Binamu zetu wa Tanga wakija likizo ndio waliopewa jamvi la mbele. Kwao Tanzania Bara televisheni ilianza miaka ya 1990, kwa hiyo walikuwa wageni wa heshima.

Marehemu Baba alikaa nyuma, karibu na mlango. Wasomaji wa zamani mnajua kazi yake: winchi, bandarini Kilindini. Alichotaka ni kuwa karani wa kuhesabu mizigo, na ukarani ulitaka Kiingereza. Baba alisoma chuoni, Kurani na herufi za Kiarabu, hati yake nzuri kuliko ya kwangu. Herufi za Kizungu alizipatia ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru, jioni, na mikono bado inanuka grisi.

Kipindi kile kikamwingia mdomoni. Juan, Mhispania mhudumu wa baa, alikuwa asipoelewa anauliza "Por favor?" na akieleweshwa, hata kama hajaelewa, anasema "S'alright". Basi kwetu ikawa hivyo. Mama akimwambia unga umekwisha, Baba: "Pofavoo?" Mama akirudia kwa ukali: "Solaiti, solaiti," mkono mfukoni. Na Ranjeet, yule Singasinga mwenye kilemba, kila akikosea alikuwa anaomba radhi elfu moja. Baba akaitia Kiswahili. Akichelewa kurudi, akivunja kikombe, akisahau mkate: "Samahani elfu, Mama Watoto." Mpaka leo kwenye kundi la familia hatuandiki samahani tupu, ni lazima elfu iwepo. Mkeka wa bibi harusi ulipomwagikiwa pilau Jumatano, shangazi alisema nini? Ndilo hilo hilo.

Niliwahi kuchimba habari za wale waigizaji, usiku mmoja umeme ulipokuwepo na usingizi haukuwepo. Mfaransa Danielle, aliyewatoa watu udenda, alichezwa na Françoise Pascal, mzaliwa wa Mauritius. Mtaliano Giovanni alichezwa na George Camiller, mwenye asili ya Malta. Juan ni Ricardo Montez, wa Gibraltar. Mgiriki Max ni Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Su-Lee, Mchina mwenye kitabu chekundu cha Mao, ni Pik-Sen Lim, mzaliwa wa Penang, Malaysia. Nusu ya darasa walikuwa wanaigiza watu wa nchi ya jirani! Nilicheka peke yangu, kisha nikamkumbuka Mzee Ojwang' wetu wa Vitimbi, aliyetuchekesha kwa Kiswahili cha Kijaluo miaka nenda miaka rudi, naye aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Nani alilalamika? Sisi wa Pwani ndio tuliocheka zaidi, maana Kiswahili cha bara kwetu kilikuwa kichekesho hata kabla mtu hajaanza kuigiza.

London walilalamika. Baada ya vipindi 29 Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa kituo kilichokitengeneza, alikifuta kwa kuona kinawadhihaki wageni. Sikatai alichokiona. Vichekesho vya Su-Lee vilikuwa kimoja tu kinachorudiwa, na Ali na Ranjeet kugombana kwa dini kila wiki kulichosha hata sisi tusioelewa nusu ya maneno. Ila kuna jambo lilinishika tangu utotoni: hakuna aliyeacha kuja. Wanatukanana, wanachekwa, wanashindwa mtihani, na wiki ijayo wote wamo vitini. Jamila na ufumaji wake, yumo. Hilo kwangu lilikuwa tamu kuliko mzaha wowote.

Bora ningelelewa na Keeping Up Appearances peke yake, kile kichekesho kingine cha Waingereza, nisingekuwa na haya. Mama Mkubwa wa Nyali ni Hyacinth Bucket wa kipindi hicho mwenyewe, ambaye jina lake kwa Kiingereza ni ndoo naye anataka lisomeke "bouquet", shada la maua: anapokea simu kwa Kiingereza cha puani, halafu akisikia ni sisi: "Aa, nyinyi." Vikombe vyake vya wageni vimewahi kunitetemesha mkono kama Elizabeth, jirani wa Hyacinth. Oktoba 2025 alipofariki Patricia Routledge, aliyemwigiza Hyacinth, akiwa na miaka 96, nilimpelekea Mama Mkubwa habari. Akajibu: "Mungu amlaze. Mwanamke mwenye adabu yule." Hakuona popote kwamba anachekwa.

Haya. Jibu.

Bwana Pensheni aliponong'ona, nikasema kwa Kiingereza: "Nimesikia." Darasa likanyamaza. Akageuka rangi kuanzia shingoni kwenda juu.

"Mwalimu, unamjua Bi. Courtenay?"

"Namjua."

Akanitazama. Na hapa ndipo ninapoparudia kama kanda iliyokwama. Uso wake ulifunguka. Haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa tena, ulikuwa wa mtoto aliyekuta mwenzake anajua mchezo wa mtaani kwao. Akakutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa kama Ranjeet kabisa, na akasema kwa Kiswahili, bila kusitasita, bila kosa la ngeli wala la matamshi:

"Samahani elfu, Mwalimu."

Samahani elfu! Hakuna aliyemfundisha. Kaitoa kule kule Baba alikoitoa, kaitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, akanikabidhi.

Nami nikasema: "Kwa Kiswahili hatusemi elfu. Tunasema samahani sana. Tena."

"Samahani sana," akasema, akakaa. Mtaliano akaandika kwenye daftari. Nikamwona akipigia mstari.

Tangu Jumanne mpaka jana nilikuwa nimekasirika kwa kuitwa Bi. Courtenay. Leo, nikikunja leso za harusi, hasira imekwisha bila kuniaga, nimebaki na hili lingine ambalo sijui nilitie wapi. Miaka mingapi Baba amesema elfu ndani ya nyumba ile? Nani alimwambia hatusemi hivyo?

Nimekumbuka vilevile alivyokuwa akitazama. Sisi wa jamvini tulicheka mwanafunzi akikosea. Baba hakuwa akicheka hapo. Hapo midomo yake ilikuwa ikitikisika, analijaribu lile neno kabla ya Juan hajalisema. Alikuwa anacheka Bi. Courtenay akiingia na kutoka, tena kicheko cha kujifuta machozi, mpaka Mzee wa Cherehani anamwambia atawaamsha majirani. Mimi nilidhani anachelewa kuelewa, nikawa namwonea haya mbele ya watoto wa wenyewe. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Ukarani aliupata, miaka minne baadaye, na kalamu mbili mfuko wa shati kila siku hata Ijumaa.

Mara ya mwisho alipolazwa, daktari kijana alimweleza hali yake kwa Kiingereza kirefu. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Pofavoo?" Daktari akaniangalia kama kwamba mzee ameanza kupotewa. Nikacheka kwa sauti wodini, na Baba, mwenye mrija puani, akanikonyeza.

Barry Evans mwenyewe, mwisho wake, alikuwa akiendesha teksi huko Leicestershire. Alifariki mwaka 1997, miaka 53. Nimekaa nikifikiria abiria aliyepanda, akamtazama kwenye kioo, akajiuliza sauti hii ameisikia wapi.

Alhamisi Bwana Pensheni hakuja. Mkewe ameandika ana mafua. Huenda kweli ana mafua, mvua hizi zimewalaza wengi. Nilitaka kumjibu "samahani elfu" nikafuta, nikaandika "apate nafuu", nikaona kavu mno, nikaiacha hivyo hivyo ikaenda. Mtaliano aliniuliza wakati wa mapumziko kama "elfu" ni tusi. Nikamwambia hapana, ni hesabu.

Jumanne nitaona.

Kingine: ule mnazi wa nyuma ya jiko. Kusi limeanza kuvuma na naapa umezidi kuinamia bati la jirani, na jirani mwenyewe mnamjua mdomo wake. Mkwezi wangu kaenda Kaloleni kwenye matanga, simu haipatikani, na yule mwingine anataka bei ya kukwea minara. Sasa hivi nikiandika imedondoka nazi moja. Imeangukia upande wangu, nimesikia mchanga. Nilipozihesabu mchana zilizoelekea kwake zilikuwa tisa.