Okestra ya Kinshasa imenitoa machozi

Jamani mwezi uliopita nilikuwa Kinshasa kwa biashara yangu ya vitenge, mwenyeji wangu akaniambia twende dada ukasikie watu wanafanya mazoezi, mi nikajua ni bendi ya rumba tu kumbe ni okestra nzima, vayolini, selo, tarumbeta na kwaya nyuma yao, nikasimama pale mlangoni mwili wote unasisimka!! Ndo ile Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ilianza 1994, muanzilishi ni Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu yule aliyeanzisha kanisa la Kimbanguiste huko Kongo, alikuwa rubani kazi ikaisha. Mwanzoni vayolini zilikuwa chache watu wanapokezana, huyu akipiga mwenzie anasubiri zamu, uzi ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli. Wengi ni watu wa kazi zao za kawaida, wakitoka huko ndo wanakuja mazoezini, na wanaowashika mkono ni waumini wa kanisa hilo na wafadhili. Na 2014 walifika mpaka Uingereza kupiga! Kusema kweli roho inaniuma, watu kama hawa walistahili bajeti ya serikali kila mwaka, wawe na mshahara na ukumbi wao.