Kwantam doti kwa darubini ya TB, nilivyofanya hapa Mwanza

Watu watatu waliniambia kazi hii, kutafuta protini ya saratani kwa kwantam doti, haifanyiki Mwanza, labda nipeleke slaidi Dar kwenye darubini ya mamilioni. Nimeifanya, tena kwa darubini ya LED wanayosomea makohozi ya TB, na furaha yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa natafuta HER2, protini inayokaa kwenye ukuta wa seli, kwenye vinyama vya saratani ya matiti. Rangi za kung'aa za kawaida zilinitesa sana, maana kinyama kikishalala kwenye fomalini kinang'aa chenyewe, chembe nyekundu za damu nazo zinang'aa, unaona ukijani kila mahali na hujui ipi HER2 ipi takataka, halafu ukichelewa kidogo kuangalia rangi imeshapauka. Kwantam doti, hizi zilizowapatia waliozigundua Nobeli ya kemia 2023, ni chembe za nanomita chache tu, ndogo zinawaka bluu, zikiongezeka ukubwa zinaelekea nyekundu, na hizo nyekundu ukizimulika kwa bluu zinaitika vizuri kabisa. Bluu yenyewe darubini ya TB inayo tayari! Nikaagiza za 655, yaani zinazowaka nyekundu ya nanomita 655, na usafiri na ushuru ikala kama milioni na ushee.

Kichupa nilikipokea uwanja wa ndege, nikakibeba kwenye deli la barafu nimekipakata njia nzima. Mwenzangu akasisitiza kitu cha bei hiyo kikae friza. Nikaweka. Asubuhi nikayeyusha, nikapaka, nikachungulia, naona mchanga mwekundu, madonge yamezagaa kwenye mafuta, kwenye nyuzinyuzi, mpaka kwenye kioo kitupu pembeni ambako hakuna hata seli moja. Nikaambiwa ongeza antibodi, zile protini za kunasa HER2 ili doti zishike hapo, nikaongeza, mchanga uleule, siku tatu zikaenda na kinyama kikaisha. Doti hazigandishwi jamani! Zinakaa nyuzi 4, zikiganda zinashikana na haziachani tena. Nikaagiza upya, kichupa kidogo, iliniuma sana. Hata zilizotunzwa vizuri zungusha kwanza kwenye sentrifyuji dakika tatu, uchukue maji ya juu tu, madonge yabaki chini.

Kutoa nta kwenye kinyama na kukichemsha kwenye sitreti ili HER2 ifikike mnajua. Ila anayekwambia uzuie doti kushika ovyo kwa maziwa ya unga usimsikilize kama doti zako zina streptavidini, protini inayong'ang'ania bayotini, maziwa yana bayotini na itazidaka, tumia albumini.

Sasa filta ya TB inapitisha kijani na nyekundu pamoja, bado ukijani ulikuwepo. Nikaenda Makoroboi kwa kijana anayepiga picha za harusi, akanikatia kipande cha ile plastiki nyekundu anayofunikia taa zake, buku mbili tu. Nikakikata duara kama sarafu ya mia mbili, nikakilaza juu ya lenzi ya jicho, nikazima taa za chumba. Ukijani wote ukapotea. Kila seli imezungushiwa mstari mwekundu mwembamba, zimeshikana seli kwa seli kama wavu wa dagaa uliotandazwa, katikati ya kila tundu giza. Nilikaa pale nusu saa nzima na haikupauka. Slaidi niliyoiruka antibodi ya kwanza, ile inayonasa HER2 yenyewe, giza tupu, na ile niliyopaka rangi ya kahawia ya kawaida, ya kinyama hichohicho, ilionyesha wavu palepale.

Darubini naipata saa kumi jioni watu wa makohozi wakishamaliza, plastiki yangu naihifadhi kwenye bahasha mfukoni, isishikwe na vidole.