Nani anamwajiri mkuu wa redio ya taifa?

Ndugu zangu, uhuru wa chombo cha umma msiupime kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku peke yake. Ulizeni kwanza nani anamwajiri mkuu wake na nani anaweza kumfukuza.

Tazameni SABC, shirika la utangazaji la umma la Afrika Kusini. Bodi ina wajumbe 12 wasio watendaji: Bunge huwasaili hadharani, hupeleka majina, Rais huteua. Utaratibu mzuri kabisa. Tundu lilikuwa kwa watendaji watatu, yaani mkuu wa shirika, wa shughuli na wa fedha. Kanuni za ndani zilimpa waziri kauli katika kuwateua, na aliyekupa kiti ndiye unayemwaza unapoamua picha ipi irushwe.

Mei 2016, uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, shirika likapiga marufuku picha za waandamanaji wakiharibu mali ya umma. Waandishi wanane waliopinga mambo hayo wakafukuzwa. Julai, mdhibiti wa utangazaji, ICASA, akaamuru marufuku iondolewe. Kilichoziba tundu lenyewe ni Mahakama Kuu, Oktoba 2017: waziri asiguse uteuzi wa watendaji.

Bado pesa, na hapa ndipo ninapohofia zaidi. Leseni ya televisheni ni randi 265 kwa mwaka na wengi hawalipi. Shirika huishi kwa matangazo ya biashara, yakipungua hubisha hodi Hazina. Mwaka 2019 serikali ililiokoa kwa randi bilioni 3.2, kwa masharti.