Kupima Plastiki Ndani ya Seli Inayopenda Chumvi

Leo nimeshinda na daftari la vipimo, nikijiuliza ni namba ipi kati ya zilizomo inayostahili kuaminiwa. Kiumbe ninachokifuatilia hapa Dodoma ni Haloferax mediterranei, ambacho wengi hukiita bakteria ingawa kwa uainishaji ni arkea, yaani kundi jingine la viumbe vya seli moja, na asili yake ni mabwawa ya chumvi ya pwani ya Hispania. Hustawi katika maji yenye chumvi inayozidi gramu 150 kwa lita, ilhali bahari ina takriban gramu 35. Kikipewa sukari au wanga kwa wingi huku kikipunjwa nitrojeni au fosforasi, hugeuza kaboni ya ziada kuwa plastiki inayooza iitwayo PHBV na kuihifadhi ndani ya seli. Sisi wa nchi ya mvua haba tunaielewa tabia hiyo bila kufundishwa, kwani nasi hujaza ghala mwaka wa neema kwa kuhofia mwaka unaofuata.

Kazi ngumu ni kujua akiba hiyo imefikia wapi. Njia ya haraka ni kupitisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 kwenye sampuli, kwa kuwa kadiri seli zinavyoongezeka ndivyo mwanga unavyozuiwa. Hata hivyo, chembe za plastiki nazo hutawanya mwanga, hivyo namba inaweza kuendelea kupanda hata baada ya seli kuacha kugawanyika. Kwa maoni yangu, kuandika neno "ukuaji" chini ya grafu ya namna hiyo ni kusema zaidi ya kilichopimwa.

Uzito mkavu nao una mtego wake. Seli zikikaushwa pamoja na maji yake, chumvi huingia kwenye mizani. Zikisuuzwa kwa maji matupu, hupasuka na vilivyomo humwagika. Inabidi kuzisuuza kwa maji ya chumvi ya kiwango kinachojulikana, kisha kutoa uzito wa chumvi iliyobaki. (Udhaifu huohuo ni faida wakati wa kuvuna, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hupasua seli na chembe za plastiki hukusanywa kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi.)

Ninachokiamini zaidi ni kupasha moto sampuli ndani ya asidi kali ya salfuriki, ambayo hugeuza plastiki kuwa asidi ya krotoniki inayofyonza mwanga wa nanomita 235. Ila plastiki hii ina sehemu mbili, butirati na valerati, na kipimo hicho hakionyeshi kila moja ni kiasi gani. Sehemu ya valerati, ambayo ndiyo inayopunguza ukakamavu wa plastiki hii, huhitaji kromatografia ya gesi, yaani kutenganisha kemikali zikiwa katika hali ya gesi.

Nimekuwa nikifikiria kukilisha kiumbe hiki makapi ya zabibu, ambayo hapa kwetu si haba baada ya mvinyo kukamuliwa. Sukari iliyobaki humo ingefaa, lakini rangi ya maganda hufyonza mwanga pia na ingezidi kuvuruga usomaji. Ndiyo maana nimeamua kwamba kila chupa ya majaribio itakuwa na mwenzake wa chumvi ileile na makapi yaleyale, tofauti ikiwa nitrojeni ya kutosha, na nyingine isiyo na seli kabisa, ili nijue ni kiasi gani cha namba kinatokana na zabibu.