Nilivyoinyoosha bek (batani ya kurudi nyuma) kwenye app ya mauzo ya duka

Niliachiwa app ya mauzo ya duka, imeandikwa kwa Flutter (zana ya Google ya kutengenezea app), jamaa aliyeianza kashapata kazi kwingine. Mwenye duka lalamiko lake lilikuwa moja tu, "kijana, hii kitu nikibonyeza bek inanipeleka isikotakiwa." Nikaichezea kidogo. Ukishaingia na namba ya siri, bek inakurudisha logini. Ukishahifadhi mauzo, bek inakurudisha kwenye fomu ileile bado ina sukari kilo 2, mtu akibonyeza Hifadhi tena mauzo yanaingia mara mbili na stoo inasoma pungufu, hiyo ndo ilikuwa inamuumiza mzee.

Sasa wengi bek ikizingua wanakimbilia kuikamata batani yenyewe, na ndo nilichokuta humo, WillPopScope (kipande cha Flutter cha kuizuia bek) karibu kila skrini na if zake. Nikazifyeka. Bek haina akili jamani, inatoa skrini ya juu kwenye rundo inaonyesha iliyo chini yake, kwa hiyo cha kuangalia ni umeacha nini chini wakati unaenda mbele. Logini nikaibadilisha push (inaweka skrini mpya juu ya iliyopo) ikawa pushReplacement (inaiweka badala ya iliyopo), inaondoka kabisa na skrini ya mwanzo inakaa mahali pake. Kutoka kwenye fomu kwenda risiti nikaweka pushAndRemoveUntil na sharti la route.isFirst (ishia ukifika skrini ya kwanza), inafuta vya katikati vyote, bek ya kwenye risiti inakupeleka mwanzo moja kwa moja. Habari ya sukari ikaishia hapo.

Palipobaki pa kuikamata kweli ni fomu iliyojazwa nusu. WillPopScope ilishastaafishwa, siku hizi ni PopScope, na hii inataka iambiwe mapema kama kutoka ni ruksa, sababu Android kuanzia 13 ilileta bek ya kuchungulia, unavuta kidole toka ukingoni unaona unakoenda kabla hujaachia. Basi nikaweka canPop: fomuTupu (canPop ndo ruksa yenyewe, ipo fomu ikiwa tupu), ukiandika herufi ya kwanza tu inageuka false. Ndani ya onPopInvokedWithResult (inaitwa mtu akijaribu kutoka) mstari wa kwanza ni if (didPop) return, yaani kama skrini imeshatoka usifanye kitu, na huo usiuruke, maana inaitwa hata skrini ikishatoka, utashangaa swali la "Uache bila kuhifadhi?" linatokea tena wakati mtu kashajibu.

Tabo za chini nazo zimo kwenye IndexedStack (inazishika zote, inaonyesha moja), sio skrini za kwenye rundo, so uko Ripoti ukibonyeza bek app inakutoa nje. Hapo canPop: tabo == 0 (yaani tabo ya kwanza), kama sio 0 unairudisha 0, imeisha hiyo.

Kwa wa iPhone, canPop ikiwa false ule mvuto wa kidole unazimika kimyakimya, swali halitokei kabisa, kwa hiyo mshale wa juu kwenye AppBar usiuondoe hata dizaina akikuomba, wenyewe unapitia maybePop (inaiuliza PopScope kwanza kabla ya kutoka) na swali linatokea kama kawa.