Maswali ya wateja ndiyo yaliyoitengeneza upya tovuti yetu ya khanga

Mama anauza khanga Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, tangu mimi niko shule ya msingi. Mteja akisimama mbele ya kaunta, kabla mama hajashusha hata doti moja, humwuliza: "Ya kwako au ya kumpa mtu?" Akishajibiwa ndipo anapojua ashushe zipi. Nimelisikia swali hilo miaka yote na sikuwahi kulipa uzito, mpaka tulipofungua tovuti ambayo watu walikuwa wakiingia na kutoka mikono mitupu.

Kwa macho, tovuti ilikuwa nzuri. Kijana aliyetutengenezea aliijua kazi yake: picha kubwa zinazopokezana juu ya ukurasa, rangi zilizopatana, kikapu cha manunuzi, kila kitu. Tukalipia matangazo Instagram na Facebook, na watu wakaja kweli. Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti, ilinionyesha mamia ya wageni kwa wiki. Oda zilizokamilika zilikuwa mbili, tatu, wiki nyingine hakuna. Mama akaniuliza kwa nini tunalipa hela ili watu waje kutazama tu. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuongeza matangazo. Nashukuru hela haikuwepo, maana ningekuwa namimina maji kwenye mtungi wenye ufa. Badala yake nilichukua simu ya duka, nikakaa nayo siku mbili nikipitia mazungumzo ya WhatsApp ya miezi mitatu. Kila swali la mtu aliyetokea kwenye tovuti nililiandika kwenye daftari.

Ni pamba tupu au imechanganywa? Inachuja? Hiyo bei ni ya doti au ya kipande? Mpo wapi hasa? Mwanza mnatuma kwa basi gani? Nikilipa, jina linatokea nani? Mimi mnene, itanizunguka? Na lililorudi kuliko yote: naomba nisomee maneno yake.

Nilipofika ukurasa wa nne wa daftari maswali yalikuwa yaleyale. Hapo nilielewa kwamba hawa watu walikuja wakiwa tayari kununua. Waliojisumbua kuuliza ni wachache. Wenzao, ambao sitawajua kamwe, walijiuliza hayohayo kimoyomoyo, wakafunga ukurasa wakaenda zao.

Nikaanza na lile la maneno. Khanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Anayenunua khanga ya kumpa mtu hununua jina kwanza, rangi baadaye. Sisi tulikuwa tumepiga picha khanga zimekunjwa vizuri rafuni, jina limefichika ndani ya mkunjo, na chini yake tumeandika "Khanga nyekundu 014". Hakuna mwanamke aliyewahi kuja dukani kwa mama kuulizia 014. Huja akisema, mna ile ya "Japo sipati tamaa sikati"?

Kisanduku cha kutafutia cha tovuti kilikuwa kinahifadhi kila neno ambalo wageni waliandika, na mimi sikuwa nimewahi kulifungua faili hilo. Nilipolifungua niliumia. Wengi waliandika "kanga", bila h. Tovuti iliwajibu kwamba hakuna kitu, kwa sababu sisi kila mahali tuliandika "khanga". Duka limejaa khanga hadi dari, na mlangoni tumeweka mtu anayesema hatuna! Wengine waliandika "ya mama mkwe", "zawadi ya mzazi", "za harusi", nao wakajibiwa vivyo hivyo. Kumwelekeza fundi ili maneno yote mawili yalete matokeo yaleyale kulichukua chini ya saa moja.

Picha zilichukua wiki tatu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulitandika kila kipande kizima juu ya mkeka uani, mimi nimesimama juu ya stuli. Picha ya kwanza khanga nzima, ya pili jina kwa karibu hadi lisomeke kwenye kioo cha simu, ya tatu mdogo wangu kaivaa, kwa sababu swali la "itanizunguka?" halijibiwi vizuri na vipimo peke yake. Vipimo navyo tuliviweka: kila kipande takribani sentimita 150 kwa 110. Kisha kila khanga ikaitwa kwa jina lake, na jina likaandikwa kama maandishi, si kuachwa ndani ya picha tu, ili hata mtu anayetafuta kupitia Google alipate.

Chini ya kila jina nilitaka mistari miwili ya maelezo. Nilijaribu kuiandika mwenyewe ikatoka baridi, kama maelezo ya dawa. Nikamwomba mama aseme, mimi niandike. Kwa "Wema hauozi" alisema: mpe aliyekuuguza, au aliyekulelea mtoto ukiwa kazini. Kwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" alisema: hii vaa mwenyewe, usimpelekee mtu zawadi, atadhani unamsema. Nilisita kuiandika hiyo tahadhari, nikihofu tutapoteza mauzo ya khanga ile. Mama akasema mteja aliyeuziwa kijembe bila kujua harudi tena. Tukaiandika, na nimeshapokea ujumbe wa watu kadhaa wakishukuru kwa maelezo ya namna hiyo.

Ukurasa wa mbele nao ulibadilika. Zile picha zinazopokezana ziliondoka, na mahali pake pakakaa swali la mama: "Khanga hii ni ya nani?" Chini yake machaguo: yangu mwenyewe, mama, mama mkwe, mzazi, bibi harusi, shoga yangu.

Kuziondoa picha zile kulikuwa na faida nyingine. Nilipoipima tovuti kwa PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google, ilionekana ukurasa wa mbele ulikuwa na uzito wa megabaiti kumi na kitu, kwani picha ziliwekwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera. Google huhesabu kuwa ni vizuri sehemu kuu ya ukurasa ikionekana ndani ya sekunde 2.5. Yetu kwenye simu ya kawaida ilipita kumi. Na mgeni wetu anatumia bando. Kila megabaiti anayopakua ameinunua. Tulikuwa tunamtoza ili atuone. Tukazipunguza picha ukubwa, tukazigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, nyingi zikashuka chini ya kilobaiti mia, na zile za chini ya ukurasa zikawa hazipakuliwi mpaka mtu ateremke kuzifikia.

Niliamini sasa tumemaliza. Nikaenda Temeke kwa mamdogo.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mama hajambo?"

Nikamwomba anunue khanga kwa simu yake, hela nitamrudishia, na mimi nitakaa pembeni nisiseme kitu. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika safari hii. Alichagua vizuri, akacheka kwa maneno ya dada yake, akabonyeza kununua. Fomu ikafunguka. Ikamtaka barua pepe. "Yangu aliifungua Hamisi," akasema, "na nywila anayo yeye." Akairuka. Ikakataa kuendelea. Ikamtaka aunde akaunti, ikamtaka S.L.P., ikamtaka postikodi. Akaandika namba yake ya simu ikianza na sifuri, kama sote tunavyoandika, yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba namba si sahihi. Ilitaka ianze na 255. Mamdogo akaiweka simu mkekani.

"Hawa hawanitaki," akasema.

Sentensi ile nililala nayo. Niliwafanyia watu wengine wanne jaribio hilohilo, mmoja wao dereva wa boda anayetubebea mizigo, na watatu kati yao walikwama palepale kwenye fomu. Mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kwangu mamdogo peke yake alitosha kwa kasoro iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Fomu mpya ina nafasi nne: jina, namba ya simu iandikwe vyovyote mtu anavyoizoea, mkoa, na "mtaa au mahali panapojulikana karibu nawe". Boda hatafuti postikodi, anatafuta msikiti, shule au sheli ya mafuta. Akaunti haitakiwi. Vitufe vyote ni vya Kiswahili. Kuuliza machache kuna faida pia upande wa sheria, kwani tangu Mei 2023 ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kila ninachokikusanya kwa mteja nina wajibu wa kukilinda. Taarifa nisiyoihitaji sasa siiulizi.

Likabaki swali la uaminifu. Kwetu watu wameibiwa sana mtandaoni, wametuma hela na namba ikazimwa. Ndiyo maana wanauliza jina litakalotokea. Unapolipia kwa lipa namba, jina la biashara huonekana kabla hujaweka namba ya siri, na mteja anataka kulijua mapema. Tukaliandika wazi pembeni ya lipa namba: "Jina litakalotokea ni hili." Tukaweka picha ya duka lenyewe, mama kakaa mlangoni, na maelezo ya kufika kwa miguu kutoka kituoni. Bei zote zikawa wazi pamoja na gharama ya kutuma kila mkoa, sio ule mtindo wa "bei njoo inbox", ambao naamini unafukuza watu kuliko kitu chochote. Kwa walio Dar, mtu hulipa nauli ya boda kwanza, na khanga huilipia akishaishika mkononi. Bila ile nauli tuliungua: watu waliagiza kisha wakazima simu, boda kafika Mbagala.

Kuna kosa nililofanya katikati ya yote haya. Nilibadilisha rangi ya kitufe cha kununua kuwa ya machungwa, na wiki mbili zilizofuata mauzo yakapanda sana. Nilimwambia kila mtu siri ni rangi. Mama ndiye aliyenikumbusha kuwa tulikuwa Shaaban, harusi zinafululiza kabla ya mfungo, na hata dukani watu walikuwa wanasukumana. Tangu hapo nabadilisha kitu kimoja kwa wakati, nakipa wiki nne, na pembeni ya tarehe naandika kalenda ilikuwaje: mwisho wa mwezi, Shaaban, Idi, shule kufunguliwa. Tovuti kubwa huwagawa wageni makundi mawili na kuwaonyesha kurasa tofauti siku hiyohiyo, lakini hilo linataka wageni wengi mno. Sisi hatuna.

Mwanzoni watu mia mbili waliweza kupita bila kununua hata mmoja. Sasa katika kila mia, wawili au watatu humaliza wenyewe kwenye tovuti, na idadi inayokaribia hiyo hubonyeza kitufe cha WhatsApp na kumalizia huko. Hao sijaribu kuwazuia. Kuna mtu lazima asikie sauti kabla hajatoa hela yake, na mama anapenda kuongea nao. Bibi mmoja wa Muscat humpigia kila anapoagiza, na mazungumzo yao ya khanga huishia kwenye habari za Unguja ya zamani.

Bado malipo ya kadi kwa walio nje yananisumbua, na sijaridhika na maelezo ya kubadilisha mzigo.

Jana usiku zilishuka khanga mpya sita. Mama akaziweka mapajani moja moja, akasoma, akasema, nami nikaandika. Ya nne aliigeuza mara mbili, akairudisha mfukoni. Maneno yake hajayaelewa vizuri, alisema, nisiiweke mpaka awaulize wenzake sokoni yanapigwa wapi.