Nilivyoivalisha pikipiki yangu gurudumu la mwenzake

Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, rimu za spoku, saizi ya inchi 18 mbele na nyuma. Njia ya kwangu ni mashimo matupu, na kila baada ya wiki mbili spoku za mbele zilikuwa zinakatika, rimu inaanza kuyumba kama mlevi. Siku nilipoona gurudumu la alumini, lisilo na spoku hata moja, limening'inia kwa muuza vifaa vilivyotumika pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nililipa sh 45,000 kabla sijapima chochote. "Hili linaingia popote, kaka," akaniambia. Halikuingia.

Kila aliyeniona nalo aliuliza swali lilelile: hilo ni 17, yako 18, itakuwaje? Kumbe hilo ndilo dogo kuliko yote. Kwa tairi la upana wa inchi 2.75, gurudumu la 17 limepungua kimo milimita 25 hivi, kwa hiyo ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, inashuka 12 na ushee. Pua inainama kidogo, usukani unakuwa mwepesi, basi.

Kazi ilikuwa kwenye ekseli. Yangu ina unene wa milimita 15. Gurudumu lilikuwa na beringi za 6201, ambazo tundu lake ni 12. Fundi wa kwanza alitaka kutumia ekseli nyembamba na kuziba nafasi kwenye shokapu za mbele kwa bushi, yaani vipete vya chuma. Sikupenda. Nikapekua jedwali la beringi nikakuta 6002: kwa nje ni milimita 32 kama 6201, tundu ni 15, ila ni nyembamba kwa milimita moja. Zikaingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu, bila kuchonga kitu, na ile milimita moja kila upande nikaiongeza kwenye bushi za pembeni.

Nilikosea kwenye kijibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili. Cha zamani kilikuwa cha ekseli ya 12, nikachongesha kipya, kikatoka kifupi kidogo. Ukiikaza nati, gurudumu linagoma. Ukiilegeza, linazunguka vizuri. Nilidhani beringi ni feki, nikanunua nyingine. Kumbe nati ilikuwa inazibana beringi kwa ubavu kwa sababu kijibomba hakizifikii zote. Nikarudi kuchongesha, safari hii urefu sawasawa na kile cha zamani, tatizo likaisha.

Kisha bamba la breki, kile kifuniko kinachobeba viatu vya breki. La kwangu halikutosha kwenye ngoma ya gurudumu jipya, nikatumia lililokuja na gurudumu. Sasa sikiliza: mguu mmoja wa shokapu una jino lililotokeza, na bamba lina mfereji wa kulipokea. Jino hilo ndilo linalozuia bamba lisizunguke ukikamata breki. Mfereji wangu ulikuwa mwembamba, jino halikuingia. Fundi akasema, "Tutalifunga na waya." Nikamtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania! Bamba likizunguka, linauviringa waya wa breki, gurudumu linakaba papo hapo, na wewe unapita juu ya usukani. Nililichukua bamba nikaenda nalo nyumbani, nikapiga tupa jioni nzima, kidogo kidogo, najaribisha, napiga tena, mpaka jino likazama lote bila kucheza.

Kulinganisha magurudumu mawili nilitumia kamba tu, kuanzia tairi la nyuma hadi la mbele, nikasogeza milimita mbili kutoka bushi ya kushoto kwenda ya kulia. Siku ya kwanza nilizunguka mtaani polepole, nashuka kila mara kushika habu kama imepata moto.

Miezi saba sasa, sijagusa spoku ya mbele. Kilichobaki ni mita ya kilomita, ambayo inahesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Nimeipima kwa nguzo za kilomita Barabara ya Kilwa: nikitembea 25, yenyewe inaandika 26. Kwa hiyo nikifuata mita, oili naimwaga mapema kidogo kuliko zamani.